Shetani wa Adhuhuri Kwenye Ukanda wa Dhahabu

Ukitaja vita vya kiroho pale Kakola au Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, wengi wanafikiria mapepo, uchawi, au jini lililotumwa kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, la mtu. Ibada za kuyakemea hayo hazikosi watu. Kanisa Katoliki halikani kwamba Mwovu yupo. Lakini mapokeo yake ya sala yanapozungumzia mapambano, kwa sehemu kubwa yanamzungumzia mtu aliyekuwa anasali akaacha polepole, bila kugombana na Mungu wala na jirani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafunga sura yake juu ya maisha ya sala kwa mafundisho marefu juu ya mapambano hayo, na adui wa kwanza inayemtaja ni sisi wenyewe. Hila za mshawishi zinafuata.

Aliyemchunguza adui huyo wa ndani kwa makini kuliko wengi ni mmonaki Evagrio wa Ponto. Aliacha heshima alizokuwa nazo Konstantinopoli, akaenda kuishi jangwani Misri, akafariki huko mwaka 399. Alikusanya mawazo manane yanayoushambulia moyo wa anayesali: ulafi, uzinzi, uchu wa fedha, huzuni, hasira, ulegevu wa roho, majivuno na kiburi. Yohane Kasiano aliyapeleka mafundisho hayo nchi za Magharibi, na Papa Gregori Mkuu akayapanga upya hadi yakawa vilema vikuu saba tunavyovisoma katika katekesi.

Katika yote manane, Evagrio aliona ulegevu wa roho ndio mzito kuliko yote, akauita shetani wa adhuhuri. Humvamia mmonaki kuanzia saa nne hadi saa nane, kwa hesabu ileile ya saa tunayoitumia sisi. Jua linaonekana limesimama, siku inakuwa kama ina saa hamsini. Mmonaki anachungulia nje kuona kama kuna ndugu anakuja kumtembelea. Anaanza kukichukia chumba anachoishi, na maisha yenyewe, na kazi ya mikono yake. Halafu linakuja wazo linalofanana kabisa na hekima: Mungu anaweza kuabudiwa popote, kwa nini usihamie mahali pengine penye riziki nyepesi?

Wazo hilo la mwisho sisi wa ukanda huu tunalijua vizuri. Uchumi wa machimbo umejengwa juu ya kuhama. Habari ikisambaa kwamba mwamba umeshika mahali fulani upande wa Geita, kijana anafunga mzigo usiku huohuo, na huenda yuko sahihi, maana atakayechelewa atakuta maduara yote yana wenyewe. Simlaumu, familia inamtegemea. Shida ni pale moyo unapozoea mwendo huo hadi kwenye sala. Mtu anaanza novena, siku ya tano haoni kitu, anahamia kwa mwombezi wa mji mwingine, kisha kwenye mkesha wa kanisa jingine, kisha hasali tena. Sala imekuwa jiwe la kupimwa: likikosa dhahabu linatupwa. Naamini tabia hiyo imeiangusha imani ya wengi zaidi huku kwetu kuliko jini lolote.

Katekisimu ina ushauri mmoja juu ya mtawanyiko wa mawazo ambao ningependa kila mwanajumuiya aushike. Inasema kuyawinda mawazo yanayotutawanya ni kuingia katika mtego wa mawazo hayohayo; inatosha kurudi moyoni. Halafu inaongeza kwamba mtawanyiko huo unatuonyesha kitu tulichoambatana nacho. Hapo pana dawa ya kweli. Baba wa familia anasali Rozari na kila fumbo linampeleka kwenye foleni ya karasha, kwenye deni la kemikali, kwa mbia aliyemdhulumu viroba viwili. Asijipige kifua kana kwamba amekufuru. Amwambie Bwana: hapa ndipo moyo wangu ulipo, na deni lenyewe ni hili. Akishasema hivyo, kilichokuwa kinamtoa kwenye sala kimekuwa sala.

Ukavu wa roho ni jambo jingine, na wengi wanauchanganya na ulegevu. Katika ukavu mtu bado anataka kusali. Anapiga magoti, lakini hasikii utamu wowote. Teresa wa Avila, mwalimu mkubwa wa sala aliyefariki mwaka 1582, anaeleza katika maisha yake kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akisubiri saa igonge ili muda wa sala uishe. Hata hivyo alibaki katika sala hadi ilipogonga. Mama Teresa wa Calcutta aliishi miaka mingi katika giza la namna hiyo, na watu wengi walilijua baada ya barua zake kutolewa mwaka 2007, yaani miaka 10 baada ya kifo chake. Ulegevu, kinyume chake, hautaki hata kuanza, na kila siku una sababu nzuri.

Ignasi wa Loyola aliweka kanuni ya wakati wa giza kama hilo katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Roho ikiwa katika ukiwa, usibadilishe uamuzi uliouweka ulipokuwa katika faraja. Badilisha bidii yako, ongeza kidogo sala na kitubio. Watu wa Bulyanhulu waliupata mtihani huo bila kuomba. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, na kabla mwaka haujaisha mgodi ulikuwa umepunguza shughuli zake na wengi wamepoteza ajira. Uchimbaji wa chini ya ardhi ulirejea miaka mitatu baadaye, mwaka 2020. Maamuzi ya wakati kama huo, ya kuvunja ndoa, kuuza shamba la wazazi au kuiacha imani, ndiyo ambayo Ignasi anasema yasubiri. Hasemi mtu akae bila kutafuta kazi. Anasema kiza kisiwe mshauri wake.

Ignasi anafundisha pia kwamba Mwovu anapenda siri. Hufanya kama mtongozaji wa mke wa mtu: hofu yake kubwa ni kwamba mume ataambiwa. Kanuni hii ingepaswa kuhubiriwa katika kila kigango cha machimboni. Muumini anayekwenda kwa mganga kutafuta nyota ya mali hamwambii padre, wala mke, wala jumuiya. Anakwenda usiku, Jumapili anapokea Komunyo. Akiambiwa alete kuku, anaona ni jambo dogo. Mkoa wa Shinyanga na jirani zake wanajua njia hiyo inafika wapi: watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani ya utajiri wa haraka, na kituo cha Buhangija mjini Shinyanga kikageuka hifadhi ya watoto waliokimbizwa majumbani mwao. Uchu wa fedha aliouandika Evagrio haukuwa nadharia ya jangwani. Ndiyo maana uaminifu wa kumfungulia muungamishi wazo lingali changa, kabla halijawa tendo, ni nidhamu inayookoa maisha ya mtu mwingine pia.

Nidhamu hiyo inajengwaje na mtu anayefanya kazi zamu ya mchana wiki hii na ya usiku wiki ijayo? Jibu la mapokeo ni muda uliowekwa, hata ukiwa mfupi. Mchimbaji hafungi matimba siku mwamba unapoanza kulia. Anayafunga mapema, wakati duara bado limetulia, na hakuna anayeyasifia hadi siku yanapobeba uzito. Dakika 10 kabla ya kutoka nyumbani, kila zamu, zinamjenga mtu kuliko mkesha mmoja wa machozi kila baada ya miezi mitatu. Inasimuliwa kwamba Antonio Mkuu, baba wa wamonaki, naye alilemewa na ulegevu jangwani. Akamwona mtu kama yeye ameketi anasuka kamba, anasimama kusali, anaketi tena kusuka, anasimama tena kusali. Akaelewa kwamba wokovu wake umo humo. Kazi haikuondolewa ili sala ipate nafasi.

Kwa aliyebanwa kabisa, ningechagua uchunguzi wa dhamiri kwanza. Ignasi mwenyewe aliwapunguzia sala ndefu vijana wa shirika lake waliokuwa masomoni, lakini uchunguzi huu hakuruhusu uachwe. Unaanza kwa shukrani, kisha unapitia saa zilizopita: wapi nilimkaribia Mungu, wapi nilimkwepa, wazo gani lilinitembelea na lilitaka nini. Mwishoni unaomba msamaha na kupanga saa zinazofuata. Unaweza kufanyika ndani ya basi la wafanyakazi, macho yakiwa yamefumbwa.

Kuna upande mwingine, ule wa kupambana pamoja, ambao vitabu vya sala vinaugusa haraka. Usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, 26 Februari 2023, mtu mmoja aliingia katika Kanisa Kuu la Jimbo la Geita na kuharibu vitu vitakatifu. Injili ya Jumapili hiyo ilikuwa ya Yesu kujaribiwa jangwani. Askofu Flavian Kassala alilifunga kanisa kuu kwa siku 20, waamini wakaalikwa kwenye toba na malipizi hadi lilipofunguliwa tena 18 Machi. Hasira ingeweza kuutawala mji, na hasira nayo imo katika ile orodha ya mawazo manane. Jimbo zima lilipewa kitu cha kufanya na hasira yake: kufunga, kusali, kusubiri tarehe. Kwangu huo ni mfano bora wa nidhamu ya ndani tulioupata katika ukanda huu, kwa sababu hakuna aliyeachwa aifanye peke yake.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, walilenga ujirani wa namna hiyo. Lakini jumuiya inayosali Jumamosi alfajiri tu inamkosa mfanyakazi anayetoka chini ya ardhi saa ileile, na akikosekana mara nne anaanza kuitwa mlegevu. Mwenyekiti ampe zamu yake ya sala: aijue nia ya jumuiya ya wiki, aisalie huko aliko, na siku ya mapumziko yake wawili watatu waende kwake na Rozari, hata kama ni Jumanne saa kumi jioni.