MUME AMEHAMISHIWA MBEYA: TUMFUATE AU TUBAKI?

Katika semina moja ya akina mama iliyofanyika Morogoro, wakati wa mapumziko ya chai, mdogo wetu mmoja katika Kristo alituvuta pembeni. Alikuwa na mtoto mgongoni, na mwingine ameshika sketi yake. Baada ya "Shikamoo dada" hakuzunguka. "Baba watoto amehamishiwa Mbeya," alisema. "Mama mkwe anasema nibaki hapa na watoto, yeye awe anakuja mwisho wa mwezi. Wenzangu wananiambia Mbeya ni baridi, watoto wataugua kifua. Ninyi mnakaa huko. Nimfuate au nibaki?"

Swali kama hilo halijibiki kabla chai haijapoa. Tulimjibu kwa kifupi, tukamwahidi kuliandika vizuri. Na kwa kuwa kila mwaka tunakutana na akina mama wenye swali lilelile, wake wa walimu, wa askari, wa watumishi wa benki na wa wafanyabiashara, tumeona tulijibu hapa ili lisomwe na wengi.

Sisi wenyewe tulihamia Mbeya mwezi Juni mwaka 2009 tukitokea Tanga. Tulikuwa na watoto wawili, mabegi manne na sweta moja tu, nayo ilikuwa ya baba. Tuliposhuka kwenye basi alfajiri ile, watoto walitoa mvuke mdomoni wakadhani wanaungua ndani. Mdogo alilia. Kusema kweli, hata mama yake alilengwa na machozi.

CHAKULA KIPO, LAKINI SUFURIA NI MVIVU

Mbeya ni jiji la wastani. Ulianza kama mji mdogo mwaka 1927, wakati watu walipokimbilia dhahabu ya Lupa kule Chunya, ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 540,000. Si mdogo kiasi cha kukosa shule au daktari, wala si mkubwa kiasi kwamba mama anayefanya kazi afike nyumbani watoto wameshalala. Mlima Loleza, wenye zaidi ya mita 2,600, uko juu ya nyumba zetu kama mzee aliyekaa kizingitini.

Jambo la kwanza atakalolipenda mama yeyote ni soko. Viazi hutoka Uyole na milima ya jirani. Ndizi, maziwa na maparachichi hushuka kutoka Tukuyu. Mchele unatoka Kyela na Mbarali. Karoti, kabichi, njegere na maharage ya kila rangi, vyote huvipata Mwanjelwa bila kuhangaika. Sisi tuliotoka pwani tulikosa nazi na samaki wabichi, tukanung'unika kama wana wa Israeli jangwani, kisha tukazoea.

Lakini wingi wa chakula unaweza kutudanganya. Katika kliniki ya watoto tumepima watoto waliofunga mikanda ya mafuta tumboni ambao urefu wao haulingani kabisa na umri. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika mkoa jirani wa Iringa, unaolima mahindi kwa wingi, wamedumaa. Mtoto ameshiba, lakini ameshiba ugali na viazi asubuhi, mchana na jioni. Maziwa yameuzwa, mayai yameuzwa, parachichi limepakiwa kwenye gari. Ukija huku, dada, usiuze yai la mtoto.

Na kuna hili ambalo hakuna aliyetuambia. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na huko juu maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharage tuliyoyazoea kuiva kwa saa mbili yalitutoa jasho. Loweka maharage usiku kucha na utumie sufuria yenye mfuniko mzito, la sivyo mkaa wa wiki utaisha siku nne. Unga wa maandazi nao huchelewa kuumuka. Uweke karibu na jiko.

BARIDI NA JIKO LA MKAA

Sasa tuje kwenye baridi, maana ndiyo inayowatisha wengi. Mwezi Juni na Julai usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Baridi yenyewe haiui mtoto aliyevikwa vizuri. Kinachoua ni yale tunayoyafanya ili kuikimbia.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Julai ile ya kwanza, nepi zilikuwa hazikauki siku tatu, na chumba cha watoto kilikuwa kama pango. Usiku mmoja tuliingiza jiko la mkaa chumbani, tukafunga madirisha, tukaziba na uwazi wa chini ya mlango kwa kanga ili joto lisitoke. Sote tulilala humo. Saa nane hivi usiku mtoto mdogo alianza kutapika. Tulipojaribu kuinuka, kichwa kilikuwa kinapasuka na miguu haina nguvu. Baba aliufikia mlango kwa kutambaa. Tulikaa nje na mablanketi mpaka jogoo akawika, tukimshukuru Mungu kwa ajili ya tapishi la mtoto.

Muuguzi mwenye diploma, aliyefundishwa darasani kwamba mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, alifanya hivyo. Maarifa ya darasani yalishindwa na huruma ya mama anayesikia meno ya mtoto yakigongana. Kwa hiyo hatumlaumu mama mwingine, ila tunamsihi: jiko la mkaa lisilale ndani, hata kama makaa yameshafunikwa majivu. Nunua blanketi zito, soksi na kofia. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, ikitangulizwa kitandani na kuondolewa kabla mtoto hajalala, inatosha kabisa.

Kwa kichanga, usiwe na haraka ya kumwogesha. Asubiri angalau saa 24 baada ya kuzaliwa. Mfunge kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kanga na blanketi juu yenu wote wawili. Kifua chako, mama, kina joto la kumtosha. Mtoto akipumua haraka haraka na mbavu zikibonyea ndani, usikae kumpaka mafuta ya kuchua. Huo unaweza kuwa homa ya mapafu. Mpeleke kituo cha afya usiku huohuo.

Kuna familia moja tu ambayo tungeiambia ifikiri mara mbili, nayo ni ile yenye mtoto wa selimundu. Baridi huamsha maumivu ya ugonjwa huo. Mama mmoja tuliyesali naye alitokea Mwanza na binti wa miaka saba. Kwao binti alilazwa labda mara moja kwa mwaka. Katika miezi mitatu ya kwanza Mbeya alilazwa mara nne, analia kwa mifupa. Jijini ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kwa hiyo hakukosa tiba, lakini tiba hiyo haikuibadili Julai. Familia ile iliomba uhamisho, na tuliwaunga mkono. Si kila mlima ni wa kila mtu.

Kwa upande wa malaria tumepumzika sana kuliko tulipokuwa Tanga, kwa sababu mbu hawaipendi baridi. Ila usitupe chandarua. Kyela iko chini kando ya Ziwa Nyasa, joto na mbu tele, na watu huenda na kurudi kila siku. Ukitoka huko ukaona homa, pima.

BARABARA KUU INAPITA MLANGONI

Mbeya umejengwa kwa kufuata barabara moja, ile itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma mpaka Zambia. Malori yanapita usiku na mchana. Barabara hii ndiyo inayotuletea biashara, na bila hiyo wengi wetu tusingekuwa na kazi. Lakini ina madeni yake.

Deni la kwanza ni ajali. Miteremko ya Iwambi na Mbalizi imeua watu wengi pale breki za malori zinaposhindwa. Upanuzi wa kilometa 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi kuwa njia nne umeanzishwa ili kupunguza msongamano huo. Hata hivyo, ukitafuta nyumba, usichague mahali ambapo mtoto lazima avuke barabara kuu kwenda shule. Heri kodi iwe kubwa kidogo. Na angalia pia mlima ulio nyuma ya nyumba. Mwezi Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba na majengo ya shule pale Itezi. Kiwanja cha bei nafuu kwenye mteremko, chini ya mlima usio na miti, kikague wakati wa masika, si kiangazi.

Deni la pili ndilo lililotufanya tumjibu yule mdogo wetu kama tulivyomjibu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 uliwakuta karibu watu 10 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi mkoani Mbeya wana virusi vya Ukimwi. Kwa Taifa zima ilikuwa kati ya 4 na 5. Hatusemi hivi ili kuwachafua watu wa Mbeya, ambao ni majirani zetu wema. Mji wa njia kuu, wenye madereva, wafanyabiashara na watumishi wengi walioacha wake zao mikoani, ndivyo ulivyo popote duniani.

Tumekaa miaka mingi na akina mama wa aina hii. Mume anapangisha chumba, mke anabaki nyumbani. Mwezi wa kwanza anakuja. Nauli inapanda, safari ni zaidi ya kilometa 600 kufika Morogoro tu, basi anakuja kila baada ya miezi miwili, halafu Krismasi. Mwishowe mke anapata habari kutoka kwa mtu mwingine kwamba kile chumba kina mapazia mapya. Wengine tumewapokea kliniki wakiwa wajawazito, hawajui lolote, na kipimo ndicho kikawaambia.

Kwa hao tunasema wazi: maisha hayakuishia hapo. Dawa zinatolewa bila malipo. Mama anayezimeza sawasawa huweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi, na mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hata havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Tunasikitika pale wanapojitokeza wahubiri wanaomwambia mgonjwa atupe vidonge ili kuonyesha imani. Mbeya tuna makanisa kila kona, na tunalishukuru hilo. Wamoravian na Walutheri walianza kazi Nyanda hizi tangu mwaka 1891, na hospitali na shule zilifuata nyuma ya mahubiri. Waliotuletea Injili walikuja na dawa mkononi. Anayekutaka uziache, muage kwa heshima.

Kwa hiyo ushauri wetu ulikuwa huu: mfuate. Pimeni wote wawili kabla ya kufunga mizigo, tena kwa pamoja, chumba kimoja, majibu mbele ya wote. Halafu hamieni pamoja. Mama mkwe aliposhauri abaki alikuwa anafikiria nyumba isiharibike. Nyumba hupata mpangaji.

MJE LINI, NA MJE NA NINI

Wengi huja kutazama mji mwezi Desemba, mvua imenyesha, milima ni kijani, wanaupenda, wanahama. Julai wanatukana. Ukiweza, njoo utazame Julai. Ukiipenda Mbeya ya Julai utaipenda daima.

Uliza kazi yako mapema. Mwalimu au muuguzi aombe uhamisho wa kumfuata mwenzi pamoja na barua ya mumewe, asisubiri afike. Mwenye biashara ya vitenge ajue kwamba huku mpaka wa Zambia na wa Malawi yote iko karibu na ushindani ni mkali. Sweta na mablanketi ya mitumba hutoka haraka zaidi. Na jifunze salamu. Jirani Mnyakyusa ukimwambia "Mugonile" asubuhi, hata kama matamshi yako yanachekesha, atakuletea mkungu wa ndizi kabla ya Jumapili. Kwetu uliletwa siku ya tatu.

Gharama ambayo hatukuipata jibu lake ni umbali na nyumbani. Baba yetu mzazi alipofariki Tanga, tulifika amekwisha kuzikwa. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, umewasaidia wenye uwezo, na treni ya TAZARA na mabasi vipo, lakini msiba haungoji. Mama aliye na wazazi wazee mbali alizungumze hilo na mumewe kabla, na aweke akiba ya nauli ambayo haiguswi kwa ajili ya ada wala saruji.

Yule mdogo wetu alifika Julai. Tulimpokea stendi na mablanketi mawili. Watoto walikuwa wamevaa soksi mikononi kwa kukosa glavu, na mumewe alikuwa amesimama pale tangu saa kumi alfajiri, akiwa amebeba kofia tatu za sufi kwenye mfuko wa rambo.