Tetemeko Kubwa, Wimbi Dogo

Tarehe 11 Aprili 2012, saa tano na dakika 38 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, sakafu ya Bahari ya Hindi magharibi mwa Sumatra ilipasuka kwa tetemeko la ukubwa wa 8.6. Lilikuwa la aina ambayo pande mbili za ufa husuguana kwa ubavu bila upande wowote kupanda, na katika aina hiyo halijapimwa jingine lililolizidi. Saa mbili hivi baadaye likafuata la 8.2. Tahadhari ya tsunami ilifika hadi Kenya na Tanzania, ambako watu walikuwa bado wanakumbuka ya mwaka 2004. Lakini wimbi lililopimwa Meulaboh, Sumatra, lilikuwa la mita moja na kitu.

Tetemeko la 26 Desemba 2004 lilikuwa la 9.1. Nguvu zake zilikuwa karibu mara sita ya lile la 2012, ila maji yake yalipanda zaidi ya mita 30 huko Aceh, yakavuka bahari na kuua watu karibu 300 Somalia, si chini ya kumi Tanzania, na mmoja Kenya. Kilichozitenganisha siku hizo mbili ni mwelekeo wa mwendo. Mwaka 2004 bamba moja la gamba la dunia lilikuwa likizama chini ya jingine. Ukingo wa juu ukafyatuka na kuyanyanyua maji yote yaliyokuwa juu yake. Sugua viganja viwili ndani ya beseni, maji yatatikisika kidogo. Inua kimoja kwa ghafla, yatamwagika.

Yako matetemeko yaliyovunja kanuni hii. Palu, Indonesia, tarehe 28 Septemba 2018, tetemeko la 7.5 la kusugua kwa ubavu lilipasua ardhi kwa kasi ya zaidi ya kilomita nne kwa sekunde. Kingo za ghuba yake nyembamba ziliporomokea majini, na wimbi likaufikia mji kwa dakika chache. Waliokufa katika janga zima, kwa mtikiso, kwa maji na kwa ardhi iliyogeuka tope, walipita 4,300.

Rekodi ya dunia ya maji kupanda juu, hata hivyo, iko Alaska. Usiku wa 9 Julai 1958, ufa wa Fairweather uliteleza kwa ubavu kwa tetemeko la 7.8 hivi, dogo sana mbele ya lile la 2012. Mtikiso ule ulibandua mwamba wa takriban mita za ujazo milioni 30 juu ya ghuba ya Lituya. Mwamba ulitumbukia wote kwa mpigo, na maji yakakwea mlima wa ng'ambo hadi mita 524, yakiikwangua miti yote. Hakuna mahali pengine ambapo maji ya wimbi yamejulikana kufika juu kiasi hicho. Mvuvi Howard Ulrich alikuwa ghubani na mwanawe wa miaka saba. Wimbi liliibeba mashua yao, nao wakatoka salama. Watu watano walikufa katika tetemeko lile, wawili wao ghubani, idadi ndogo kwa sababu tu sehemu ile haina wakazi.

Sisi wa Jinja na Mbale tuko mbali na bahari, lakini ufa wa kuteleza kwa ubavu si mgeni kwetu. Ule wa Aswa, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 600, unatoka Sudan Kusini na kukata kaskazini mwa Uganda kuelekea upande wa Mlima Elgon. Tarehe 20 Mei 1990, karibu na Juba, tetemeko la zaidi ya 7 liliteleza kwa ubavu. Ni miongoni mwa makubwa kabisa ya karne iliyopita katika ukanda huu. Kwa vifo, Uganda haijasahau tetemeko la Toro, 20 Machi 1966: watu wapatao 150.

Ziwa letu, Victoria, ndilo pana kuliko yote Afrika, kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake hakizidi mita 80 na ushei. Rekodi zake zimeandikwa na mvua, si na tetemeko: kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.41 mwaka 1964, kikafika 13.42 Mei 2020.

Si ziwani bali mlimani, Elgon, ndiko ninakohofia. Tarehe 1 Machi 2010, bila tetemeko lolote, mvua iliangusha mteremko wa Nametsi, Bududa, ukafunika soko na zahanati. Zaidi ya watu 300 walikufa au hawakuonekana tena. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo, na wako waliorudi kwa sababu udongo wa Elgon una rutuba na makaburi ya wazee wao yako huko. Novemba 2024 mteremko mwingine ulifunika vijiji vya Bulambuli. Miteremko hii haikuhitaji mtikiso ili iporomoke. Yenye nyufa na iliyolowa, hata tetemeko la wastani linaweza kuiangusha.