Bustani ya nyumbani: mboga hulipa kwa wiki, maua kwa miezi, miti kwa miaka

Na Mwandishi Wetu

MCHUUZI wa mboga anayepita mitaa ya Sinza au Tabata alfajiri akiwa na tenga kichwani hana ghala wala jokofu. Mzigo wake lazima uishe kabla jua halijawa kali, kwani mchicha uliokosa mnunuzi hadi saa nane mchana hauna bei tena. Udhaifu huo wa bidhaa ndio unaompa mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba nafasi katika soko la Dar es Salaam ambayo malori ya mikoani hayawezi kumnyang'anya.

Hata hivyo, wengi walioingia katika shughuli hii wakidhani ni fedha za bure wamejikuta wakilima kwa hasara bila kujua. Wanahesabu mauzo, hawahesabu maji. Wanachanganya fedha za mchicha na za miche ya maua, kisha wanashangaa kwa nini mfukoni hamna kitu. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kulima mjini si jambo geni hapa nchini. Mwaka 1972 ilitolewa kaulimbiu ya Siasa ni Kilimo, na katikati ya miaka hiyo ikafuata kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, ambapo hata wakazi wa mijini walihimizwa kushika jembe. Katika miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa hautoshi hadi katikati ya mwezi, watumishi wengi walijaza viwanja vyao mboga, migomba na kuku. Wakati huo bustani ilikuwa ya kujikimu. Anayetaka kuigeuza kuwa kitega uchumi lazima aitazame kwa jicho jingine.

Usishindane na lori

Jambo la kwanza ni kujua bidhaa ipi ilimwe mjini na ipi iachiwe mikoa. Kabichi na karoti hutoka Lushoto na Mgeta, nyanya hutoka Morogoro na Ilula mkoani Iringa, machungwa hutoka Muheza. Bidhaa hizo huvumilia safari ya usiku kucha na hushushwa kwa wingi katika masoko kama Ilala na Temeke Stereo. Mwenye tuta tatu za kabichi Kimara hawezi kushusha bei akamshinda mkulima wa Lushoto mwenye eka nzima na mvua ya bure.

Nyanya nazo zina hatari ya ziada. Tangu mwaka 2014, mdudu anayejulikana kwa wakulima kama kantangaze amekuwa akishambulia majani na matunda ya nyanya nchini. Mwenye bustani ndogo hulazimika kununua dawa, na mara nyingi gharama ya dawa huzidi thamani ya debe mbili tatu atakazovuna.

Mchicha, matembele, majani ya kunde, chainizi na figiri ni habari nyingine. Hunyauka upesi, hivyo thamani yake hutegemea ukaribu wa shamba na chungu cha mlaji. Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina, hayahitaji mbegu ya dukani, na yakichumwa vizuri huendelea kuchipua kwa miezi.

Hesabu ya maji

Tuchukue mfano. Bei zilizomo humu si bei za soko, ni za kuonyesha njia ya kukokotoa tu. Msomaji aweke bei za mtaani kwake.

Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 huhitaji takriban lita 50 za maji kwa siku ya jua, yaani madumu mawili na nusu ya lita 20. Kwa siku 28 hayo ni madumu 70. Kama maji yananunuliwa kwa mkokoteni kwa sh. 200 dumu, gharama ni sh. 14,000. Ongeza mbegu sh. 1,000 na samadi sh. 2,000. Jumla ni sh. 17,000.

Tuseme tuta hilo limetoa mafungu 60, na kila fungu limeuzwa kwa majirani kwa sh. 300. Mauzo ni sh. 18,000. Faida ni sh. 1,000 kwa wiki nne, kabla ya kuhesabu jasho la anayemwagilia. Kama mafungu hayo yangechukuliwa na mchuuzi kwa sh. 200, mauzo yangekuwa sh. 12,000 na mwenye bustani angepata hasara ya sh. 5,000.

Sasa badilisha kitu kimoja tu, chanzo cha maji. Lita 1,400 za tuta hilo ni yuniti 1.4 za bomba. Hata tukisema yuniti moja ni sh. 3,000, gharama ya maji haizidi sh. 4,200 na faida inapanda hadi sh. 10,800. Kwa mwenye kisima chake au tangi la maji ya mvua, faida inakaribia sh. 15,000. Mbegu ni zile zile, tuta ni lile lile na mnunuzi ni yule yule.

Kwa hiyo, fedha za kwanza za mwekezaji zisiende kwenye mbegu wala jembe bali kwenye maji. Paa lenye eneo la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 20 hutoa takriban lita 1,000, ukiacha zinazopotea njiani. Maji hayo yanatosha tuta moja kwa siku ishirini. Mifereji ya paa na tangi ni mtaji unaorudi polepole, lakini bila huo biashara nzima imeshikwa na mwenye mkokoteni.

Usafi wa maji hayo nao ni bidhaa. Uchunguzi wa kitaalamu uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta madini kama risasi na kadimi katika mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Mama wa nyumbani mwenye habari hizo yuko tayari kumpa jirani yake bei ya rejareja, almradi ameona kwa macho yake maji yanayotumika. Anayeuza mlangoni kwake kwa wateja kumi wa kudumu hupata zaidi ya anayemsubiri mchuuzi. Aidha, kama dawa ya wadudu imepigwa, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa lazima ziishe kabla ya kuvuna. Mteja mmoja akiumwa tumbo, mtaa mzima utajua kabla ya magharibi.

Maua na miche: faida kubwa, fedha hulala

Wanaopita Barabara ya Bagamoyo wamezoea kuona safu za bogenvilia, krotoni, mawaridi na mitende ya mapambo katika viriba. Bei ya mche mmoja inaweza kuzidi ya mafungu kadhaa ya mchicha, na hilo huwavutia wengi.

Turudi kwenye daftari, kwa bei za mfano zile zile. Viriba 100 vya vipandikizi, pamoja na udongo na samadi, vikigharimu sh. 300 kila kimoja ni sh. 30,000. Kila kiriba kikinywa nusu lita kwa siku, kwa siku 90 zinahitajika lita 4,500, ambazo kwa bomba ni sh. 13,500. Mtaji ni sh. 43,500. Kama miche 30 imekufa na 70 imebaki, ikiuzwa kwa sh. 1,500 mmoja inaleta sh. 105,000.

Faida ya sh. 61,500 inapendeza, lakini tazama inavyokuja. Miche 29 ya kwanza inarudisha mtaji tu. Faida yote imo katika 41 iliyobaki, na kama wateja wanachukua miche kumi kwa mwezi, itachukua miezi saba kuimaliza. Muda wote huo miche inaendelea kunywa maji, na mizizi ikishatoboa kiriba na kushika ardhi, mche hupoteza nguvu unapong'olewa.

Mahali pa kuuzia pana hatari yake pia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka jumla ya mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Anayepanga viriba ndani ya eneo hilo amekaa juu ya ardhi isiyo yake, na siku ya upanuzi atatakiwa kuondoka. Ni busara kitalu kibaki nyumbani, na barabarani iende mizigo ya kuuza tu.

Katika kundi hili, miche ya matunda iliyobebeshwa ina soko lisilotegemea mitindo ya mapambo. Mche wa embe hukuzwa kutokana na kokwa hadi shina lifikie unene wa penseli, kisha hubebeshwa kikonyo kutoka kwa mti wa aina inayotakiwa. Ufundi huo hujifunzwa, na ndio unaotofautisha bei. Vikonyo vichukuliwe kwenye mti ambao muuzaji anaujua, kwani mnunuzi atagundua udanganyifu miaka mitatu baadaye, na atakumbuka nani alimuuzia.

Miti: hazina ya baadaye

Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Uliotokana na kokwa huweza kuchukua mara mbili ya muda huo. Mwembe huhitaji nafasi ya mita 8 hadi 10, hivyo kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba ndani yake hakibebi zaidi ya mmoja au miwili. Usipandwe karibu na msingi wala shimo la choo.

Mpapai ndio daraja kati ya mboga na mwembe. Huanza kutoa matunda ndani ya mwaka mmoja. Wenye uzoefu hupanda miche mitatu katika shimo moja, kisha yakitokea maua hung'oa madume na kubakiza jike. Haupendi maji yanayotuama, kwa hiyo upandwe kwenye mwinuko.

Katika miaka ya mwanzo, nafasi kati ya miti hutoa mboga kama kawaida. Kivuli kikifunga, mchicha hupungua na matunda huanza kuchukua zamu. Anayepanda miti leo anapanga pia tuta zipi zitakufa lini.

Hasara kubwa katika matunda hutokea kabla ya mavuno. Mchuuzi hupita mti ukiwa na maua au matunda machanga, akatoa bei ya mti mzima. Mwenye shida ya fedha hukubali. Katika biashara hiyo ya kuuzia mtini, muuzaji amejikinga na upepo na wezi, lakini ameacha faida ya msimu mkononi mwa mwingine. Kama ni lazima kuuza hivyo, yahesabiwe matunda ya tawi moja na kuzidishwa kwa matawi kabla ya kutaja bei. Aidha, nzi wa matunda aliyeingia Afrika Mashariki mwaka 2003 huzaliana katika maembe yaliyooza chini ya mti. Kuyaokota kila siku na kuyafukia ni kazi isiyo na gharama.

Kalenda ndiyo bei

Mvua za masika, Machi hadi Mei, huzamisha mabonde na kusomba matuta. Mboga za majani hupungua na bei hupanda. Aliye sehemu ya mwinuko mwenye matuta yaliyoinuliwa huvuna fedha wakati huo. Juni hadi Agosti mboga hujaa na bei hushuka; huo ni wakati wa kupunguza mchicha na kuandaa vipandikizi. Wanunuzi wa miche hutafuta miche mvua zinapoanza, hivyo ya masika iwe tayari mwanzoni mwa Machi na ya vuli mwanzoni mwa Oktoba. Maana yake viriba vijazwe Desemba na Julai. Mwezi wa Ramadhani, ambao husogea mbele ya kalenda kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, huamsha mahitaji ya ndimu, papai na ndizi. Anayeanza kumwagilia mpapai wake Ramadhani ikiwa imeandama amechelewa.

Kwa mwenye mtaji mdogo, mpangilio unaofaa ni huu: kwanza maji, kisha matuta manne ya mboga yanayopandwa kwa kupishana wiki moja ili kila wiki kuwe na mavuno. Fedha za mboga zijaze viriba vichache vya miche, si mia kwa mpigo. Miti ipandwe tangu siku ya kwanza, lakini isitegemewe kulipa ada ya shule ya mwaka huu.

Daftari liwe na kurasa tatu: mboga, miche na miti, na kila ukurasa uandikwe maji yake. Mwisho wa mwezi ukurasa utakaoonyesha hasara ndio utakaoamua kipi kipunguzwe. Kabla ya kupanua shughuli, mwenye bustani aulize pia ofisi ya serikali ya mtaa sheria ndogo zinasemaje kuhusu kilimo katika eneo lake, kwani faini moja hufuta faida ya tuta nyingi.