UFAFANUZI KUHUSU MALAZI YA KIFAHARI VISIWANI NA HAKI ZA WAKAZI WA ZIWA VICTORIA

Watumishi wa umma na wananchi wanaoishi katika visiwa na mialo ya Ziwa Victoria wanapewa ufafanuzi huu kuhusu hoteli na nyumba za wageni za kiwango cha juu zilizopo au zinazokusudiwa kujengwa visiwani. Yapo maswali mawili yanayorudiwa mara kwa mara. La kwanza ni iwapo mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuzuru na kulala mahali hapo. La pili, lililo zito zaidi, ni nani mwenye kauli ya mwisho pale mwekezaji anapofika kijijini akitaka ufukwe.

Mfano ulio karibu ni Kisiwa cha Rubondo, kilicho upande wa kusini-magharibi mwa ziwa, katika Mkoa wa Geita. Kisiwa hicho kilikuwa na wakazi wavuvi na wakulima, ambao walihamishiwa visiwa jirani na nchi kavu katika miaka ya 1960. Mwaka 1965 kikafanywa pori la akiba, na mwaka 1977 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Eneo la hifadhi ni kilomita za mraba zipatazo 457, na zaidi kidogo ya nusu yake ndiyo nchi kavu. Sehemu iliyobaki ni maji.

Kati ya mwaka 1966 na 1969, chini ya uongozi wa Profesa Bernhard Grzimek wa Shirika la Wanyama la Frankfurt, waliachiliwa kisiwani sokwe 17 waliotoka katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Wanyama hao, wengi wao wakiwa wamezoea kulishwa kwa mkono, walijifunza upya kutafuta matunda na kujenga viota mitini, na kizazi chao kipo hadi leo. Walipelekwa vilevile tembo, twiga na vifaru. Tembo na twiga wamedumu. Vifaru walimalizwa na majangili. Nzohe, swala wa matete, hakuletwa na mtu. Huyo ni mwenyeji.

Mgeni anayelala Rubondo ana njia mbili. Ipo kambi ya kifahari ya mwekezaji binafsi, yenye vijumba vilivyotenganishwa kando ya ufukwe chini ya msitu, ambayo bei yake hujumuisha chakula na matembezi, na wageni wake wengi hufika kwa ndege ndogo. Yapo pia mabanda na nyumba ya kupumzikia ya Shirika la Hifadhi za Taifa, ambayo bei yake ni nafuu mno kuliko ya kambi. Mwananchi huvuka kwa boti kutoka Nkome, Wilaya ya Geita, au kutoka upande wa Muganza, Wilaya ya Chato, baada ya kutoa taarifa kwa ofisi ya hifadhi. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo kuliko cha mgeni wa kutoka nje, mradi aonyeshe kitambulisho. Kwa hiyo dhana kwamba Rubondo ni ya Wazungu peke yao haina msingi, ingawa inaeleweka imetoka wapi.

Wakazi wa Mwanza wasio na nafasi ya safari ndefu wanayo Saa Nane, mkabala na mji, iliyoanza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Huko mtu huenda asubuhi na kurudi jioni.

Mgeni azingatie kwamba uzuri wa maji hauondoi mamba, kiboko wala kichocho, na kwamba mbung'o wapo Rubondo. Mwenye mafua haruhusiwi kwenda kuwatazama sokwe, kwa kuwa maradhi ya binadamu huwaambukiza kwa wepesi.

Malalamiko makubwa ya wavuvi ni kwamba maji ya hifadhi yamefungwa kwao. Ni kweli yamefungwa, na sababu yake ni mazalia ya sato na sangara yaliyomo katika ghuba za kisiwa hicho. Samaki wanaokulia humo hawana mpaka. Hutoka na kuvuliwa na wavuvi wa Geita na Sengerema. Hata hivyo, ni haki kukiri kwamba faida hiyo mvuvi haioni kwa macho, ilhali boti ya doria anaiona.

Kuhusu visiwa visivyo hifadhi, vikiwamo vya Ukerewe, utaratibu ni mwingine kabisa. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haina uwezo wa kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Pale ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhawilishwa kwa ajili ya uwekezaji, na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo yake kwa Waziri. Saini ya mwenyekiti peke yake, hata ikipigwa mhuri, si idhini ya kijiji. Asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji chini ya sheria inayohusika.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Katazo hilo linamhusu mwenye kibanda cha kuanikia dagaa, na linamhusu vilevile mwenye hoteli anayetaka mgeni wake aamke miguu ikigusa maji. Mradi wa namna hiyo sharti ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana haki ya kusikilizwa katika tathmini hiyo. Hapo ndipo pa kueleza njia ya mwalo ilipo na mahali akina mama wanapochota maji, kabla uzio haujasimamishwa.

Vijana watakaoajiriwa wadai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya mwaka ya siku 28.

Mwisho, watumishi wa umma wanakumbushwa kwamba kulala bila malipo katika hoteli ya mwekezaji ambaye jalada lake lipo mezani kwa mtumishi huyo ni manufaa kama manufaa mengine mbele ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mtumishi anayekwenda kukagua asafiri kwa posho ya ofisi yake, alipie chumba, na stakabadhi aiambatishe kwenye taarifa ya safari.