Je, Wajua? Kodi ya Gitaa Inayonukia Upelelezi

Freti moja tu yatosha
Kutoka huzuni ya kawaida hadi wasiwasi wa sinema, kidole husogea freti moja. Shika E maina, ile inayofundishwa mapema kabisa: freti ya pili, uzi wa tano na wa nne. Sasa inua kidole cha uzi wa nne, na badala yake ubane freti ya kwanza ya uzi huohuo kwa kidole cha shahada. Piga nyuzi zote sita. Hiyo ni E maina meja seveni! E ya uzi wa nne imeshuka nusu toni ikawa D-shapu, nayo inazozana na E mbili zilizobaki, ya juu na ya chini. Utamu wote uko kwenye mzozo huo.

Mapacha watatu
Ukiiondoa E, zinabaki G, B na D-shapu. Toka G hadi B ni freti 4, B hadi D-shapu freti 4, na D-shapu hadi G ya juu freti 4 tena. Hakuna iliyo mkubwa wa nyumba, ndiyo maana sikio linapotea.

Hitchcock hakuitunga
Wapo wanamuziki wanaoiita kodi ya Hitchcock, lakini mwongozaji huyo hakuandika hata noti moja. Ni kazi ya mtunzi Bernard Herrmann katika Psycho, filamu ya 1960, tena kwa okestra ya vinanda vya nyuzi pekee, bila tarumbeta wala ngoma. Majina ya waigizaji ndiyo kwanza yanapita, kisu hakijaonekana, na mtazamaji nywele zimeshamsimama.

Bond humaliza bila kumaliza
Muziki wa James Bond, uliovuma tangu Dr. No ya 1962, hufungwa na kodi hiihii ikiongezewa F-shapu. Aliyeipiga ni Mwingereza Vic Flick. Kwa maoni yangu hakuna mwisho wa filamu unaoushinda: wimbo umekwisha, wewe bado unasubiri.

Hata kwenye mapenzi imo
Wimbo My Funny Valentine wa 1937 huipitia katikati ya safari ya noti inayoshuka. Ijaribu kwa A maina: uzi wa tatu ushuke toka freti ya pili hadi ya kwanza, kisha uachwe wazi. Kwenye freti ya kwanza, laza kidole cha shahada kibane uzi wa pili na wa tatu kwa pamoja. Wa sita usiuguse.