Kosa ni la Sikio au la Gitaa?

Tuchukue mfano wa kijana wa Buhongwa, kusini mwa jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Shinyanga. Amenunua gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, ambalo limekwisha kutumiwa na mwingine. Anataka kujifunza wimbo wa Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuenezwa duniani na Miriam Makeba. Vidole anaviweka mahali alipoelekezwa, lakini sauti hazipatani. Baada ya majuma machache anakata shauri kwamba hakujaliwa sikio la muziki, na gitaa linatundikwa ukutani.

Je, kosa ni lake? Huenda si lake hata kidogo. Ili kuujua ukweli, hatuna budi kutazama jinsi sauti inavyozaliwa.

Sauti ya gitaa hutokana na mtetemo wa uzi. Katika gitaa la nyuzi sita lililolinganishwa kwa kawaida, uzi mnene kuliko yote hutetema kama mara 82 kwa sekunde, na ule mwembamba kuliko yote kama mara 330. Idadi hiyo hutegemea mambo matatu: urefu wa uzi, uzito wake na mvutano wake. Uzi ukifupishwa kuwa nusu, mitetemo huwa maradufu. Lakini kupata ongezeko hilo hilo kwa kukaza tu kungehitaji mvutano mara nne. Ndiyo sababu anayekaza bila kiasi huishia kuukata uzi.

Vile vijiti vya chuma vilivyopachikwa shingoni kazi yake ni kuufupisha uzi kwa kipimo maalumu. Ikiwa uzi una urefu wa sentimita 65, kijiti cha kwanza huwa sentimita 3.65 kutoka mwanzo wa uzi, na cha pili sentimita 3.44 kutoka cha kwanza. Nafasi huzidi kupungua hivyo hadi kijiti cha 12, ambacho hukaa sentimita 32.5, yaani nusu kamili.

Sasa turudi kwenye wimbo wetu. Malaika waweza kusindikizwa kwa mafungu matatu tu ya sauti ziliazo pamoja, ambayo wanamuziki huyaita kodi: G, C na D. Kodi ya G ina sauti za G, B na D, zenye mitetemo kama 196, 247 na 294 kwa sekunde. Hesabu hizo zinakaribia sana uwiano wa 4:5:6, na sikio hupendezwa na uwiano mwepesi wa namna hiyo. Sauti moja ikipotoka, upatanifu wote huvurugika.

Msomaji aweza kulipima gitaa lake mwenyewe. Gusa uzi kwa wepesi, bila kuukandamiza, juu kabisa ya kijiti cha 12, uupige, kisha uondoe kidole mara moja. Utasikia sauti nyembamba iliayo kama kengele: uzi umejigawa nusu mbili. Halafu ukandamize uzi nyuma tu ya kijiti hicho hicho, uupige tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa sawa.

Zikitofautiana, usijilaumu. Kwanza badilisha nyuzi, kwa maana uzi wenye kutu au uchafu hauna uzito ulio sawa kote. Ikiwa sauti ya kukandamiza bado ni ya juu zaidi, tazama kimo cha nyuzi. Uzi ulioinuka mno huvutika unapokandamizwa, na mvutano ukizidi, sauti hupanda. Dawa yake ni kukichomoa kile kipande cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi kwenye kisanduku, na kukisugua upande wa chini kwa msasa, kidogo kidogo, huku ukijaribu tena na tena. Kasoro ikibaki, huenda kipande hicho kiliwekwa mahali pasipostahili. Kazi hiyo ni ya fundi.

Gitaa likishafaulu jaribio hili, ndipo mazoezi yatakapokuwa na maana. Hamisha vidole kutoka G hadi C, na kutoka C hadi D, polepole, mpaka vizoee njia. Kijana wetu na alitungue gitaa lake ukutani, alipime kwanza, ndipo alihukumu sikio lake.