Lori kubwa lipite upande gani? Sheria inasemaje kuanzia Mbinga hadi Ziwa Nyasa

Swali hili linaonekana la Dar es Salaam, lakini linawahusu hata wakazi wa Mbaha, Lituhi na Mbamba Bay. Makaa ya mawe ya Ngaka hutoka Wilaya ya Mbinga kwa malori, yanapita Kitai kwenda Songea, kisha mengine hushika njia ya Njombe na mengine ya Mtwara. Upande wa ziwani, bandari ya Mbamba Bay inajengwa. Ikianza kazi, malori ya kushuka ziwani yatazidi.

Kwa kifupi: Tanzania hakuna siri. Lori, kama gari lolote, linakaa kushoto. Kulia ni kwa kupita tu, halafu unarudi.

Barabara yenye njia nyingi

Wenzetu wengine wameandika sheria ya malori peke yake. Uingereza, ambako pia wanaendesha kushoto, lori la zaidi ya tani 7.5 haliruhusiwi kuingia njia ya kulia kabisa kwenye barabara kuu ya mwendokasi yenye njia tatu au zaidi kwa upande mmoja. California, Marekani, ambako wanaendesha kulia, lori lenye ekseli tatu au zaidi hubanwa kwenye njia za kulia, na mwendo wake hauzidi maili 55 kwa saa, kama kilomita 88.

Sababu ni moja. Lori zito linachelewa kuongeza mwendo na linachelewa kusimama. Likikaa kwenye leni ya kupitia, walio nyuma huchoka kusubiri na kuanza kulipita upande usiofaa, ambako dereva wa lori hawaoni vizuri.

Hapa nchini, hilo utaliona zaidi sehemu kama Kimara hadi Kibaha, barabara ya kilomita 19.2 iliyopanuliwa kufikia njia nane.

Barabara yenye njia moja kila upande

Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami zenye milima na kona. Huku hakuna leni ya pili ya kukimbilia. Ukitaka kumpita mwenzako, unaingia kwenye njia ya anayekuja mbele. Ndiyo maana mstari una maana kubwa:

• Mstari mweupe uliokatika katikati: unaweza kupita, ila uwe umeona mbele ni salama.
• Mstari usiokatika upande wako: hakuna kupita, hata kama lori la mbele linatambaa.
• Kwenye kona au karibu na kilele cha mlima: usiovateki, mstari uwepo usiwepo.

Anayepitwa naye ana wajibu: akae kushoto na asiongeze mwendo. Dereva wa lori anayekanyaga mafuta akiona anapitwa anaweza kuua watu ambao hawamo hata kwenye gari lake.

Kwenye changarawe ambako hakuna mistari, sheria ya kushoto iko palepale. Tatizo ni kwamba wengi hufuata katikati kwa kuwa ndiko kulikoshindiliwa. Vumbi likitanda, boda inayokuja haionekani mpaka iko puani.

Mbona lori linachukua barabara nzima kwenye kona?

Si kila mara ni ubabe. Tela refu likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hujivuta ndani ya kona. Dereva hulazimika kutanua, vinginevyo tela litaingia mtaroni au kumbana mtembea kwa miguu.

Hii haimpi ruhusa ya kuingia bila kuangalia. Apunguze mwendo, apige honi, na kama kuna anayekuja, asubiri. Na wewe wa boda, usijipenyeze kati ya tela na ukingo wa barabara. Kona ikikaza, nafasi hiyo inapotea.

Mteremko ndio mtihani

Kwa sheria ya mizani ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, lori lenye ekseli saba linaweza kufika tani 56 pamoja na mzigo. Mwendo wa juu kwa gari la biashara linalozidi kilo 3,500 ni kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni 50. Kibao kikisema 30, ni 30.

Lakini 80 ni kikomo, si lengo. Mwendo ukitoka 40 kwenda 80, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizima haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Breki zikikanyagwa mfululizo mlimani hupata moto na kushindwa kushika. Dereva mzoefu huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, akaiacha injini ishike gari. Kuweka gia huru ili kubana mafuta ni kucheza na roho za watu walioko chini ya mlima.

Ufanye nini basi?

Ukiwa nyuma ya lori, kaa mbali kiasi cha kuona vioo vyake vya pembeni. Usipoviona, dereva naye hakuoni.

Ukitembea kwa miguu, pita upande wa kulia ili uone magari yanayokuja. Watoto wa shule wafundishwe hivyohivyo.

Ukiona lori linayumba, linatoa moshi kwenye magurudumu au linaovateki kwenye kona, soma namba zake ukiwa mahali salama, kisha piga polisi 112.